Mbegu Moja, Miche Miwili



Siku moja baada ya masomo, mwanafunzi wetu mmoja alituletea kopo lililojaa udongo, akaliweka mezani kwa uangalifu, kisha akasema: «Mwalimu, nilifukia mbegu moja tu ya chenza. Tazama, imeota miche miwili. Wenzangu wananicheka, wanasema sikujua kuhesabu.»

Tulimwambia ya kwamba hesabu yake ilikuwa sawa, ila wenzake ndio waliokosa kutazama. Lakini alipotuuliza sababu, tuliona kwamba jibu lake ni refu kuliko mapumziko ya shule. Jibu hilo laanzia ndani ya chenza, lapita katika chupa za wataalamu wa Ulaya na Amerika, nalo larudi kwetu, chini ya michikichi itupayo mawese. Ndiyo habari tunayotaka kuwapa juma hili.

Kwanza jionee mwenyewe. Twaa mbegu chache za chenza, uziloweke katika maji usiku mmoja. Asubuhi menya ganda lake gumu kwa ukucha, kisha uondoe utando mwembamba ulio ndani. Mara nyingi utakuta vipande viwili, vitatu, hata zaidi, vikubwa kwa vidogo, vimebanana kama watoto waliolala kitanda kimoja. Kila kimoja ni kiinitete, yaani mmea mchanga kabisa, ulio na mwanzo wa mzizi na mwanzo wa shina. Si kila aina ya mchenza hufanya hivyo, lakini nyingi hufanya. Jambo hili si geni kwa wenye elimu: Leeuwenhoek, yule Mholanzi aliyesifika kwa darubini zake, aliliona katika mbegu za machungwa na kuliandika tangu mwaka 1719.

Basi viinitete hivyo vyatoka wapi? Kwa desturi kiinitete huanza hivi: chavua ya ua huifikia sehemu ya kike ya ua, yai lililofichwa ndani hupata kuunganika nayo, na kutoka katika muungano huo hutokea seli moja, ndiyo chembe ya kwanza ya uhai wa mmea mpya. Seli hiyo hugawanyika kuwa mbili, kisha nne, na kuendelea, hata kiinitete kikamilike. Mmea huo una baba na mama, wala haufanani na mmoja wao katika kila jambo. Lakini katika mchenza, seli za kawaida zilizo kando ya yai, ambazo ni mwili wa mti mama na hazikupata chavua hata kidogo, nazo huanza kugawanyika na kufanya viinitete. Kwa hiyo ndani ya mbegu moja aweza kukaa mtoto wa baba na mama, na ubavuni pake wengine ambao ni mama yuleyule aliyeanza upya.

Huenda mzee mmoja akatuambia: «Hilo si ajabu. Sisi hupanda mihogo kwa vijiti na migomba kwa machipukizi, wala hatungoji mbegu.» Ni kweli, baba, lakini tofauti ni kubwa. Kijiti cha muhogo kina macho yake tayari. Ni kiungo cha mmea wa zamani kinachoendelea na safari yake. Kiinitete hakiendelezi safari ya mwingine. Huanza tangu seli moja au chache, hujitengenezea ncha mbili, moja ya kwenda juu na moja ya kwenda chini, na hupita katika hatua zilezile ambazo kila mbegu hupita. Seli iliyokuwa na kazi ya kawaida huiacha kazi yake na kurudi utotoni.

Yawezekanaje? Fikirini kijiji ambamo kila nyumba ina kitabu kilekile, nakala kamili isiyopungua ukurasa. Nyumba ya mhunzi husoma sura ya chuma, nyumba ya mfinyanzi husoma sura ya vyungu, na kurasa nyingine zimefungwa kwa gundi. Ndivyo ilivyo katika mmea. Karibu kila seli hai, iwe ya jani au ya mzizi, ina kitabu kizima cha urithi, ambacho wataalamu hukiita DNA. Seli ya jani haikupoteza sura ya mzizi, imeifunga tu. Kama tungejua namna ya kuzifungua kurasa zile, seli ya jani ingeweza kutuandikia mmea mzima.

Wa kwanza aliyejaribu kwa mpango alikuwa Gottlieb Haberlandt, mwalimu wa chuo kikuu cha Graz, katika nchi ya Austria. Mwaka 1902 alieleza jinsi alivyotoa seli moja moja katika majani na kuzilisha ndani ya vyombo vya kioo. Nyingine zilikaa hai hata kufika mwezi mzima, zikaongezeka ukubwa, lakini hapana hata moja iliyogawanyika. Mtu mwingine angesema kazi imekwisha bure. Yeye aliandika kwamba siku moja watu wataweza kufanya viinitete kutokana na seli za kawaida za mmea. Alifariki mwaka 1945, akiwa na umri wa miaka 90, kabla ya kuyaona maneno yake yakitimia.

Alichokosa kilikuwa chakula cha kufaa. Wenzake waliomfuata walijifunza polepole kwamba seli iliyotengwa na mama yake yahitaji sukari, chumvi za namna nyingi, vitamini, na zaidi ya yote homoni, yaani vile vitu vichache sana ambavyo mmea hutumia kuamrisha viungo vyake kukua. Mwaka 1939 Gautheret na Nobécourt katika Ufaransa, na White katika Marekani, walifaulu kuyakuza madonge ya seli bila kikomo. Lakini madonge yalibaki kuwa madonge, kama unga uliokandwa usiookwa. Mwaka 1957 Skoog na Miller walionyesha kwa tumbaku kwamba homoni mbili hushindana kama mizani: iitwayo oksini ikizidi, donge hutoa mizizi, iitwayo sitokinini ikizidi, hutoa machipukizi.

Ndipo ukafika mwaka 1958. Katika chuo kikuu cha Cornell huko Marekani, F. C. Steward na wasaidizi wake walikata vipande vidogo vya karoti, wakavitia katika chupa zilizozungushwa polepole, na katika chakula chake wakaongeza maji ya nazi. Ninyi mnaojua pwani mtaelewa hekima yake: maji yaliyo ndani ya nazi ni akiba ambayo mti umemwekea mtoto wake. Seli zilijitenga na vipande, zikaelea, zikagawanyika, zikafanya mizizi, na zilipowekwa mahali pa kutulia zikatoa machipukizi, hata yakawa mimea ya karoti. Katika muda huohuo Jakob Reinert, huko Ujerumani, aliona viinitete kamili vyenye ncha mbili vikitokea katika madonge ya karoti. Unabii wa Haberlandt ukawa kweli. Miaka 7 baadaye, mwaka 1965, Vasil na Hildebrandt walitoa mmea mzima wa tumbaku katika seli moja iliyotengwa peke yake, hata hapakuwa tena na nafasi ya shaka.

Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa namna iliyo wazi zaidi, nayo ina jambo la kushangaza. Seli huamshwa kwa oksini yenye nguvu. Mara nyingi hutumiwa ile iitwayo 2,4-D, ambayo kwa kipimo kikubwa ni dawa ya kuua magugu mashambani. Kwa kipimo kidogo sana huzisahaulisha seli kazi zake za zamani na kuzifanya zigawanyike upya. Lakini oksini hiyo ikibaki katika chupa, kiinitete hakiendelei. Lazima iondolewe. Ikisha kuondolewa, seli hujipanga zenyewe: kwanza huwa kidonge cha mviringo, kisha kidonge hupata mabega mawili, kikawa na umbo la moyo, na mabega hayo ndiyo majani ya kwanza, halafu moyo hurefuka, ncha moja ikawa mzizi na nyingine shina. Anayetazama kwa darubini aona hatua zilezile zilizomo katika mbegu ya kweli, ila hapa hapana ua, hapana chavua, hapana ganda, wala hapana akiba ya chakula. Akiba hiyo lazima mtu aitoe, naye aitoe kwa usafi kamili. Kuvu mmoja akiingia chupani hula chakula chote, na kazi ya miezi huharibika kwa siku chache.

Basi mtu atasema: «Karoti hazitunyimi usingizi.» Twende tukautazame mchikichi, ambao wengi kwetu huuita mngazi.

Katika mti huu wataalamu waliokuwa Yangambi, kando ya mto Kongo, magharibi ya Kisangani, walifanya ugunduzi ambao umeenea dunia nzima. Mchikichi una namna tatu za matunda. Wa kwanza, dura, una kokwa yenye ganda nene na nyama haba. Wa pili, pisifera, hauna ganda kabisa, lakini mara nyingi mikungu yake huoza kabla ya kuiva. Wa tatu, tenera, una ganda jembamba na nyama nyingi, na mawese yake huzidi yale ya dura kwa kadiri ya asilimia 30. Mwaka 1941 Beirnaert na Vanderweyen walionyesha kwamba tenera si kabila la peke yake, bali ni mtoto wa dura na pisifera. Hesabu yake ni ileile aliyoifundisha mtawa Gregor Mendel kwa mbaazi zake mwaka 1866.

Shikeni vema jambo hili, ninyi wenye mashamba, kwa kuwa lagusa mifuko yenu. Dura akiolewa na pisifera, watoto wote ni tenera. Lakini tenera akiolewa na tenera, kwa wastani robo ya watoto ni dura, nusu ni tenera, na robo ni pisifera. Kwa hiyo baba aonaye mchikichi mzuri, akaokota mbegu chini yake na kuzipanda, hapandi mti ule aliousifu. Hajui hata chavua ilitoka wapi. Atapalilia miaka mitatu kabla ya mavuno, na siku ya mavuno ataona kwamba miti yake mingi haikurithi sifa ya mama. Hakukosa bidii, ila alikosa habari.

Na hata mbegu bora zinunuliwazo katika vituo, zilizotokana na dura na pisifera waliochaguliwa, ni ndugu tu, si mapacha. Katika shamba moja kuna mti utoao mafuta mengi kuliko jirani zake wote. Ungekuwa muhogo, tungeukata vijiti. Lakini mchikichi una moyo mmoja tu, kule juu kileleni, wala hautoi matawi. Ukiukata moyo ule, umeuua mti. Hivyo kwa karne nyingi kila mchikichi bora uliondoka duniani pamoja na ubora wake.

Sasa mwaona kwa nini kiinitete kitokacho katika seli ya kawaida kilitazamiwa kwa hamu. Mwaka 1974 habari ilitoka Uingereza, na mwaka 1976 ikatoka Ufaransa, ya kwamba michikichi imepatikana kwa njia ya chupa. Wataalamu hutwaa vipande vya majani machanga sana, yaliyo bado meupe karibu na moyo wa mti, huvisafisha na kuviweka juu ya chakula. Baada ya miezi mingi vipande vichache hutoa donge, na madonge machache miongoni mwa hayo hutoa viinitete. Lakini kiinitete kikisha kupatikana, huweza kuzaa vingine, hata kutoka mti mmoja vipatikane vijana kwa maelfu. Kazi nzima, tangu jani hata mche wa kupanda, yaweza kuchukua miaka miwili au zaidi.

Furaha ilikuwa kubwa. Kisha yakaja majuto. Mwaka 1986 iliandikwa waziwazi kwamba baadhi ya michikichi hiyo, iliyokuwa na afya nzuri katika kitalu na majani ya kupendeza, ilipofika wakati wa kuchanua ilitoa maua yaliyopotoka. Sehemu zilizopasa kuwa za kiume ziligeuka kuwa kama za kike, zikalizunguka tunda kama joho. Katika miti iliyodhurika sana matunda hayakuiva, mikungu ikaharibika, mafuta yakakosekana. La kuumiza zaidi ni kwamba hapakuwa na dalili mapema. Mkulima alilisha, alipalilia, alilipa wafanyakazi, na miaka ilipopita ndipo alipojua. Tena ndugu wa chupa moja hawakuwa sawa: huyu mzima, yule mgonjwa, na wengine walipona wenyewe baada ya miaka.

Wataalamu walikisoma kitabu cha urithi cha miti ile migonjwa herufi kwa herufi, wasione kosa. Iliwachukua karibu miaka 30 kufahamu. Mwaka 2015 wataalamu wa Malaysia, pamoja na wenzao wa Marekani, walitangaza kwamba kosa halikuwa katika herufi bali katika gundi. Mnakumbuka tulisema kurasa nyingine zimefungwa? Gundi hiyo ni alama ndogo za kikemia zinazobandikwa juu ya DNA. Katikati ya jeni moja inayoongoza umbo la ua, pana kipande cha urithi walichokiita Karma, ambacho lazima kibaki kimefungwa. Seli zilipokaa katika chupa na kufunguliwa kurasa zake ili ziwe viinitete, katika baadhi yake gundi ya mahali pale iliondoka, wala haikurudi. Ua likasoma maneno yasiyopasa kusomwa. Uwezo uleule ulioipa seli utoto mpya ndio uliouacha mlango huu wazi. Faida ya ugunduzi huo ni kwamba sasa kipande cha jani la mche mdogo chaweza kupimwa, na mche mgonjwa kutupwa kabla mkulima hajautolea jasho.

Kazi ya viinitete haikuishia kwa mchikichi. Katika Amerika ya Kati miche ya kahawa ya chotara huzalishwa hivyo kwa biashara, na wanaochunguza migomba, mihogo na kakao huitumia vilevile. Huenda basi kijana mmoja akatuuliza: je, tuache mbegu, tupande miche ya chupa tu? Hatusemi hivyo, na sababu ni mbili. Ya kwanza ni gharama: miche hiyo ni ghali, nayo bado ni michache ikilinganishwa na ile ya mbegu. Ya pili ni nzito zaidi. Vijana wa mti mmoja wana nguvu moja na udhaifu mmoja. Huku Kongo, tangu miaka ya 1940, unajulikana ugonjwa wa kunyausha michikichi uletwao na kuvu aitwaye Fusarium. Ugonjwa ukiikuta familia ya mbegu, huyu huanguka, yule husimama. Ukikuta shamba lote ni mti mmoja uliorudiwa mara elfu, na mti ule hauna kinga, wote wataanguka pamoja. Ndiyo sababu wenye busara huchanganya mistari ya asili mbalimbali katika shamba moja.

Kwa hiyo, ninyi wazazi mnaotaka kupanda michikichi, msichukue miche kwa kuwa ni mizuri machoni. Mwulizeni anayeiuza: mama yake ni nani, baba yake ni nani, na kama ni ya chupa, je, ilipimwa? Asiyeweza kujibu, mwacheni na miche yake. Swali hilo halilipiwi hata senti moja, nalo laweza kuwaokolea jasho la miaka.

Nanyi wanafunzi, fanyeni kama alivyofanya mwenzenu. Twaeni mbegu 10 za chenza, kila moja katika kopo lake, muandike tarehe, mhesabu miche inayotoka katika kila kopo. Palipo na miwili au mitatu, itengeni kwa upole na kuilinganisha majani kila mwezi. Ile ifananayo kama mapacha, yaelekea ni mama aliyeanza upya. Ikiwapo mmoja ulio tofauti, huenda huo ndio mtoto wa baba na mama.

Yule mwanafunzi wetu alirudi nyumbani na kopo lake. Wenzake hawamcheki tena. Sasa nao wanakusanya mbegu.

Kwaherini, hata juma lijalo.